Bunduki ya .50 iliyomlipukia yule Mmarekani 2021: kosa la risasi, la bunduki au la mpigaji?

#1 Mdadisi_Mbeya

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima, naomba wenye ujuzi wa vyuma na silaha wanisaidie.

Aprili 2021, Scott DeShields, mwenye chaneli ya Kentucky Ballistics, alikuwa anarekodi video ya kupiga bomba la zimamoto, lile la chuma linalosimama kando ya barabara. Bunduki yake ilikuwa Serbu RN-50, inayobeba risasi moja moja ya .50, yaani milimita 12.7. Risasi za siku ile hazikuwa za kawaida. Zinaitwa SLAP: ncha nyembamba ya tangsteni ya milimita 7.62 imevalishwa koti la plastiki ili ijae kwenye mtutu wa 12.7. Ikitoka mdomoni koti linabaki njiani, ncha inaendelea kwa mita zipatazo 1,200 kwa sekunde. Zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani, kutoboa magari ya deraya nyepesi. Yeye alikuwa nazo za masalio, zilizonunuliwa uraiani.

Alipiga kadhaa, zikaenda vizuri. Iliyofuata ikairarua bunduki. Mfuniko wa chemba, yaani pale nyuma risasi inapokaa, ambao hufungwa kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa, uling'oka ukarudi nyuma. Vipande vikampata usoni na shingoni: mfupa wa tundu la jicho ukavunjika, mshipa mkubwa wa shingo ukachanika. Akaziba jeraha kwa kidole gumba, baba yake aliyekuwa naye akamkimbiza. Akapona, na akasimulia mwenyewe.

Swali langu: kama zile za mwanzo zilitoka salama kwenye bunduki ileile, siku ileile, hii moja ilikuwa na nini?

#2 KijanaWaKitaa

Nimekaa kiti cha mbele. Fundi_Gerezani aitwe haraka, huu uzi ni wake.

#3 Fundi_Gerezani

Nipo. Sijawahi kuwa fundi bunduki, mimi ni wa mashine ya kukereza vyuma, mwaka wa 22 sasa. Lakini nyuzi nazijua.

Kwanza tupate picha ya presha. Tairi la gari dogo unajaza pauni 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba. Shotigani ya kawaida ya namba 12 kikomo chake kwa vipimo vya Marekani ni 11,500. Risasi ya .50 ikiwa salama kabisa, haina kasoro yoyote, inafika kama 54,000. Mzigo huo wote unabebwa na nyuzi za ule mfuniko.

Sasa, watu wengi hudhani nyuzi kumi zinagawana mzigo sawasawa. Hapana. Zile mbili tatu za mwanzo ndizo zinazobeba sehemu kubwa. Mzigo ukizidi kiasi, ya kwanza inakatika, wa pili anapokea mzigo ambao hakuandaliwa, naye anakatika, hivyo hivyo hadi mwisho. Haichukui hata kufumba jicho. Ndiyo maana mfuniko wa namna hii hauvuji kidogo kidogo ukakupa onyo. Unashika, unashika, halafu haupo.

Kwa hiyo "zile za mwanzo zilitoka salama" si ushahidi wa chochote, mkuu. Inawezekana zote zilikuwa zimezidi kipimo na kila moja iliacha nyuzi zimevutika kidogo.

#4 Ghalani_Mstaafu

Nimetunza ghala la risasi zaidi ya miaka 20, sitaji wapi. Mimi naanza na baruti.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi imetokana na nitroselulosi. Hii kitu inaoza. Inaoza polepole toka siku inatoka kiwandani, na ndani yake huwekwa dawa ya kunyonya zile gesi za uozo. Ikihifadhiwa mahali pa baridi na pakavu inadumu miongo. Ikikaa kwenye kontena la bati linalochomwa na jua, dawa inaisha mapema. Mara nyingi baruti iliyooza inapungua nguvu, lakini si lazima. Inaweza kuvunjikavunjika punje zake, na punje ndogo huungua upesi kuliko kubwa. Kiasi kilekile, moto wa haraka zaidi, presha inapanda.

Masalio ya jeshi hayana historia. Nani anajua zilikaa jangwa gani miaka mingapi? Risasi mbili za boksi moja zinaweza kuwa zimeishi maisha tofauti, moja chini kabisa kwenye kivuli, nyingine juu imegusa bati.

#5 Mswahili_Houston

Wakuu nawasoma. Nipo huku Texas, na huwa naenda uwanja wa shabaha. Nadhani mnaruka maelezo mepesi zaidi: risasi ya kughushi.

SLAP za kweli ni adimu uraiani, moja inauzwa bei ya kununua boksi zima la nyingine. Kitu kikiwa adimu na ghali, lazima atokee mtu wa kukitengeneza gereji kwake. Anapata ncha halisi mahali, anapata ganda tupu, anaweka baruti anayoidhani. Na koti la plastiki pamoja na ncha yake ni vyepesi kuliko risasi nzito ya kawaida, kwa hiyo baruti yake haifanani na ya .50 nyingine. Akikosea aina ya baruti tu, hata bila kuzidisha uzito, unapata kilichompata Scott. Mwenyewe na wengi waliochambua waliegemea huko, kwamba ile moja ilikuwa na presha isiyo ya kawaida.

#6 Otieno_wa_Reli

Mimi nasema ni plastiki. Nilisoma kwamba jeshi lao wenyewe limekataza SLAP kwenye zile bunduki kubwa za Barrett kwa sababu ya breki ya mdomoni, kile kifaa chenye matundu mwisho wa mtutu. Koti linaweza kushika kwenye matundu ya breki. Koti likikwama, mtutu umezibwa, gesi inarudi kwa mwenyewe. Si ndio?

#7 Fundi_Gerezani

@Otieno_wa_Reli marufuku ni ya kweli, hitimisho ndilo linanitatiza. Koti likikwama mdomoni, risasi imeshasafiri mtutu mzima. Kufikia pale presha imeshashuka sana kwa sababu gesi imepata nafasi ya kutanuka. Kizuizi cha mdomoni hupasua mdomo au huvimbisha mtutu pale pale mbele. Hapa kilichong'oka ni nyuma kabisa, kwenye chemba, ambako presha hufika kilele mapema. Huo ni ugonjwa wa mwanzo wa safari.

#8 Otieno_wa_Reli

Lakini kama vipande vya plastiki vya risasi zilizotangulia vilibaki ndani ya mtutu, karibu na chemba? Hapo kizuizi ni cha mwanzo wa safari. Jibu hiyo fundi.

#9 Fundi_Gerezani

Hiyo siwezi kuikataa.

#10 KijanaWaKitaa

Otieno kapata goli la ugenini Gerezani leo. Andikeni tarehe.

#11 Mwalimu_Historia

Naongeza la tatu, au la nne sijui. Kuna risasi zilizoharibiwa makusudi. Wakati wa vita ya Vietnam makomando wa Marekani walikuwa na mpango ulioitwa Eldest Son. Walipata risasi za AK, wakaondoa baruti, wakaweka kilipuzi ndani, kisha wakazipenyeza kwenye maboksi ya adui, moja tu katikati ya nyingi nzuri. Askari anapiga magazini nzima, hana shaka, halafu moja inampasulia bunduki usoni. Lengo lilikuwa aanze kuogopa silaha yake na kumshuku aliyemletea.

Sisemi risasi ya Kentucky ilikuwa ya namna hiyo. Nasema fundi yuko sahihi pale #3: ubovu wa moja hauonekani kwa uzuri wa zilizotangulia. Kuna watu waliujengea ukweli huo mpango mzima wa vita.

#12 Bi_Ufundi

Samahani, mbona hakuna anayeuliza kwa nini haikupimwa kwanza? Nimeangalia video nyingi za namna hii. Wanajaza ganda la shotigani sarafu, nta, vyuma vya ajabu, wanapiga kwenye jeli inayoiga nyama ya mwili, wanapima imeingia inchi ngapi, wanashangilia. Huo si upimaji?

#13 Mswahili_Houston

Ni upimaji dada, na ile jeli ina viwango vyake. FBI ndio walioibuni baada ya mapambano ya Miami 1986, walipopoteza maofisa wawili. Risasi inatakiwa iingie inchi 12 hadi 18.

#14 Nesi_wa_Upasuaji

@Mswahili_Houston marekebisho kidogo. Inchi 12 hadi 18 ni kipimo cha FBI, ndiyo. Lakini jeli haikubuniwa nao. Aliyeifanya iaminike ni daktari wa upasuaji wa jeshi, Martin Fackler, aliyekuwa na maabara ya majeraha ya risasi San Francisco miaka ya 80. Jeli ya asilimia 10, imepoozwa nyuzi 4 za Selsiasi, na kabla ya kuitumia unaipiga gololi ndogo ya chuma kwa mwendo unaojulikana uone imeingia sentimita 8.5 au karibu na hapo. Isipoingia hivyo, jeli yako haisemi kweli, unaitupa.

Na Bi_Ufundi umegusa penyewe. Hiyo jeli inapima risasi inapofika. Haipimi ilipotoka. Mimi majeraha ya inapofika nayajua, lakini kwenye wadi yetu tumepokea watu ambao waliumizwa na bunduki waliyoishika wao. Kidole gumba na cha shahada vimeondoka, jicho limeingiwa na vipande vya shaba, kipande cha chuma kimezama kwenye paji la uso. Mmoja alikuja na kizibo cha nyuma cha gobole ndani ya mfupa wa shavu, anaongea vizuri kabisa, anaomba maji. Kuna anayesema "sista mimi sikupigwa, nilikuwa napiga."

#15 Bi_Ufundi

Mungu wangu. Asante kwa jibu.

#16 Ghalani_Mstaafu

Kupima ilipotoka kunawezekana na kumekuwepo miaka mingi. Mskoti Andrew Noble karne ya 19 aliweka kipande cha shaba laini kwenye tundu la chemba. Bunduki ikipigwa, gesi inaisukuma pistoni, shaba inabonyea, unapima imebonyea kiasi gani. Siku hizi wanatumia fuwele inayotoa umeme ikibanwa, na mashine inachora mstari wa presha toka mwanzo hadi mwisho. Viwanda vya kweli hupima hivyo. Wa mtandaoni wana kipima mwendo tu, na mwendo haukuambii kilele cha presha. Risasi mbili zinaweza kutoka kwa mwendo mmoja, moja ikiwa imekuacha salama na nyingine imekukosa kwa unywele.

#17 Mwalimu_Historia

Na Waingereza wana nyumba nzima za kujaribia mitutu. Ya Birmingham ya 1813 ndiyo kongwe duniani. Bunduki inafungwa kwenye fremu, inapigwa kwa risasi iliyozidishwa presha takriban robo, mpimaji yupo nyuma ya ukuta. Ikipona inagongwa muhuri.

#18 Mzee_wa_Kilwa

Mwalimu, London walitangulia, chama chao cha mafundi bunduki ni cha 1637. Na Liège, Ubelgiji, walikuwa na yao tangu 1672. Birmingham ni mtoto.

#19 Mwalimu_Historia

Nimekubali mzee wangu, shikamoo.

#20 Mzee_wa_Kilwa

Marahaba. Sasa niwaulize wanangu, mnahangaika na risasi za Kentucky, za hapa nyumbani mmezisahau? Hizo ndizo risasi zisizo za kawaida. Nani hapa kwao hakuna gobole?

Tazameni neno lenyewe. Risasi ni yale madini laini, mazito, ya kijivu, ndiyo jina lake tangu Waarabu. Kitu kinachotoka kwenye bunduki kikaitwa risasi kwa sababu kilikuwa risasi. Ilikuwa laini, ikigusa chuma cha mtutu yenyewe ndiyo inakubali kuumia. Leo mtu anashindilia kipande cha nondo, anaita risasi. Nondo haikubali. Ikienda upande inajikaza kama kabari, na nyuma yake baruti imeshawaka.

#21 Mjukuu_Namtumbo

Mzee umenifikia mwenyewe. Kwetu Namtumbo gobole la babu lipo mpaka leo, limeegemea pembeni ya kabati chumbani kwa bibi. Babu alifariki 1998. Mjomba mdogo alikuwa analitumia kufukuza ngedere shambani, likampasukia 2009, ila hilo lilikuwa lingine, la kuazima. Alipoteza vidole viwili na sikio la kulia halisikii. Kila mtu kijijini ana sababu yake. Wengine walisema alishindilia mara mbili, alikuwa amesahau kwamba limejaa. Fundi aliyelitengeneza alisema mvua iliingia. Shangazi anasema hakulipa mahari ya mke wa pili, na hapo ndipo mazungumzo huishia.

#22 KijanaWaKitaa

Shangazi apewe uwanja, ni maelezo ya tano haya.

#23 Fundi_Gerezani

@Mjukuu_Namtumbo pole kwa mjomba. Kushindilia mara mbili ni sababu kubwa sana, lakini kuna nyingine ambayo watu hawaijui: nafasi. Baruti iko chini, risasi imekwama njiani, haijafika. Katikati kuna hewa. Mtu angedhani nafasi inapunguza presha. Kumbe ile risasi iliyokwama inakuwa kama kizibo, moto unakuja na mwendo, unaigonga. Mtutu huvimba au hupasuka hapo hapo ilipokwama. Ukiona mtutu umevimba pete katikati, mara nyingi ndiyo hadithi yake.

Na mtutu wa bomba la maji ni jambo jingine. Mabomba mengi ya maji ni bati lililokunjwa likachomelewa ubavuni. Ule mshono ndio utakaofunguka. Bomba la maji mjini kwetu kwa kawaida linabeba pauni zisizofika mia kwa inchi ya mraba, sasa linaombwa lishike maelfu.

#24 Ghalani_Mstaafu

Na baruti, jamani. Gobole ni la baruti nyeusi, yenye moshi. Mtu akifungua risasi ya kisasa akamwaga ile baruti kwenye gobole, hiyo si silaha tena, ni bomu analolikumbatia. Hakuna kipimo kidogo cha kutosha. Mafundi bunduki duniani kote watakwambia hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kupasua silaha ya kushindilia.

#25 Akol_Moroto

Salamu toka Uganda. Wazee wetu Karamoja miaka ya 70 walikuwa na bunduki za kutengeneza wenyewe, tuliziita amatida, za mabomba. Zilipasuka sana. Walioshika nyingine za kweli ni baada ya 1979, Amin alipoanguka na ghala la kambi ya Moroto likaachwa wazi. Babu yangu alikuwa na alama za baruti usoni kama madoadoa ya bluu mpaka kufa. Alisema amatida ilikuwa na tabia ya kuchagua siku.

#26 Mwalimu_Historia

Kwa nini magobole yalidumu huku wakati Ulaya yalishaachwa? Hili ni somo. Kuna barua ya konsuli wa Uingereza Zanzibar, 1888, anakadiria bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilikuwa za zamani, zilizotupwa na majeshi ya Ulaya. Kisha mkataba wa Brussels wa 1890 ukazuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, lakini gumegume, zile za kuwashwa kwa jiwe, na baruti ya biashara vikaruhusiwa. Yaani silaha dhaifu zaidi, na baruti hafifu, ndizo zilizohalalishwa kwetu. Maji Maji 1905 wazee walikwenda na magobole hayo dhidi ya bunduki za rashasha za Maksimu.

#27 KijanaWaKitaa

Wangoni wa humu wasije wakasema dawa ya maji ilifanya kazi, mtu alikosea masharti.

#28 Mjukuu_Namtumbo

Usitutanie mkuu, babu yangu mkubwa yupo kwenye kaburi la Songea na wale waliotundikwa 1906. Nimecheka lakini.

#29 KijanaWaKitaa

Niwie radhi ndugu. Nalifuta kwa moyo wote.

#30 Otieno_wa_Reli

Turudi. Mimi nina kisa cha familia. Mzee wangu alikuwa polisi wa akiba kule Baringo, akapewa .303, Lee-Enfield ya zamani. Siku moja akapiga, akasikia "pfu", bega halikusukumwa kama kawaida. Wenzake wakampigia kelele apige tena, wezi wa ng'ombe wanatoroka. Akakataa, akatoa bolti, akachungulia kwa nyuma akaona giza. Risasi ilikuwa imekaa katikati ya mtutu. Angepiga ya pili singekuwa nimezaliwa. Alikuwa akitusimulia kila Krismasi na bado mikono inamtetemeka.

#31 Nesi_wa_Upasuaji

Mzee wako ana akili tulivu, mshike vizuri.

#32 Dereva_Masafa

Nimechelewa ila nina swali la kijinga. Shotigani ya namba 12 ni milimita 12?

#33 Mswahili_Houston

Ndiyo, kipenyo.

#34 Fundi_Gerezani

Hapana Houston! Usimpoteze ndugu. Namba 12 maana yake ukichukua ratili moja ya risasi, yale madini, ukaigawanya madonge 12 yanayolingana, kila donge, gramu 38 hivi, ndilo linalojaa kwenye mtutu. Kipenyo chake ni milimita 18.5. Namba 20 ni madonge 20, kwa hiyo mtutu mwembamba zaidi, 15.6. Namba ikiongezeka tundu linapungua.

Na hapo pana ajali ambayo haihitaji risasi ya ajabu hata kidogo. Ganda la 20 likiingizwa kwenye bunduki ya 12 linateleza, halikai kwenye chemba, linakwenda kukwama mbele. Unafungua, unaona chemba tupu. Unaweka la 12, unapiga. La nyuma linalipiga la mbele. Ndiyo sababu maganda ya 20 yanatengenezwa ya njano, ili mtu asiyachanganye mfukoni.

#35 Mswahili_Houston

Nimesahihishwa, na nimeishi huku miaka 14. Sasa naelewa kwa nini yule mzee wa dukani aliniuliza mara mbili.

#36 Dereva_Masafa

Kwa hiyo risasi ya kawaida kabisa, bunduki ya kawaida kabisa, zikikutana vibaya ni bomu.

#37 Ghalani_Mstaafu

Sasa umeelewa uzi.

#38 Mdadisi_Mbeya

Wakuu nashukuru, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Lakini mpaka sasa nina baruti iliyooza, risasi ya kughushi, vipande vya plastiki na nyuzi zilizochoka. Mnaegemea wapi?

#39 Mswahili_Houston

Kughushi.

#40 Ghalani_Mstaafu

Baruti. Ingawa Houston na mimi tunaweza kuwa tunasema jambo moja kwa majina mawili.

#41 Fundi_Gerezani

Mimi siachii nyuzi. Hata risasi ikiwa mbovu, bunduki inatakiwa iwe na mlango wa dharura, gesi itoke pembeni, isitoke kwa mtu. Bunduki nyingi zina vitundu vidogo kwa kazi hiyo tu. Mfuniko uliokaa kwenye mstari wa uso wa mpigaji ukishindwa, una njia moja. Najua wapo watakaosema hakuna bunduki ya begani inayoweza kuhimili presha ya namna ile, na pengine wana haki. Lakini swali la kushindwa liwe linaulizwa mapema: ikishindwa, itashindwa kuelekea wapi?

#42 Otieno_wa_Reli

Plastiki. Fundi mwenyewe alishindwa kunijibu.

#43 Mjukuu_Namtumbo

Samahani kuwarudisha kwangu. Baada ya kusoma #23 sikulala. Nimemuuliza bibi kama gobole la babu lina kitu ndani, anasema "babu yako hakuwahi kuliacha njaa." Linaweza kuwa limejaa tangu 1998? Na watoto wa dada wanalala chumba hicho.

#44 Mzee_wa_Kilwa

Linaweza, mwanangu. Baruti nyeusi ikikaa kavu haisahau. Nimesikia ya miaka mingi zaidi ya hiyo ikiwaka. Watoto watoke chumba hicho leo, si kesho.

#45 Ghalani_Mstaafu

Usilibebe, usiguse jogoo, ile nyundo ya kufyatulia, wala fataki, usilielekeze usoni kuchungulia kwa mbele, na asitokee kijana wa kijiji wa kulipiga hewani "kulimaliza". Mjomba wako alianza hivyo hivyo, na bunduki ambayo hakujua ina nini. Piga simu polisi kituo cha karibu au mwone mtendaji wa kijiji, eleza kwamba ni urithi na huna hakika kama ni tupu, waje wao na mtu wa silaha. Chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015 kulikaa nalo bila kibali ni kosa, lakini anayejitokeza mwenyewe kusalimisha si sawa na anayekamatwa nalo. Polisi wamewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha, uliza.

#46 Fundi_Gerezani

Watakachofanya, kama wanajua kazi, wataingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka uguse chini, wataweka alama mdomoni, kisha watauweka nje sambamba na mtutu. Alama ikionyesha mdeki haukufika chini, kuna kitu. Waache wao wafanye. Tujulishe.

#47 Mjukuu_Namtumbo

Nimempigia mtendaji. Bibi analia, anasema wanamchukulia mume wake mara ya pili. Nitasafiri kesho asubuhi na basi la Songea.

#48 Nesi_wa_Upasuaji

Safari njema kaka. Bibi akae na mtu wa kumshika mkono siku hiyo.

#49 Otieno_wa_Reli

Siku tatu sasa. Mjukuu wa Namtumbo uko?

#50 Mjukuu_Namtumbo

Nipo wakuu, mtandao kule ni wa kupanda kilima. Walikuja askari wawili, mmoja mtu mzima. Alitutoa wote hadi kwenye mwembe. Mdeki ulipungua vidole vinne.

Alimwagia maji mtutuni kwanza, akasubiri kwa muda mrefu, ndipo akaanza kuchokoa kwa chuma kilichopinda. Zilitoka nyuzi za katani, kisha vipande vitatu vya nondo, kisha katani tena, kisha baruti imeganda kama udongo. Nondo zilikuwa na kutu, zimeshikana na mtutu. Askari alisema kama mtu angelipiga, asingeweza kusema lingepasuka wapi.

Bibi aliomba apewe mdeki tu, wakakubali. Ameuweka pale pale pembeni ya kabati.

#51 Mzee_wa_Kilwa

Alhamdulillahi.

#52 Fundi_Gerezani

Vidole vinne, hiyo ni zaidi ya mzigo mmoja. Kuna uwezekano babu alishindilia juu ya uliokuwepo. Askari alisema katani ilikuwa tabaka mbili au tatu?

#53 Mjukuu_Namtumbo

Mbili nilizoziona. Lakini baruti ilitoka ya rangi mbili, nyeusi na nyingine ya kijani kibichi kidogo, chembe kama majani ya chai. Sikujua ina maana gani.

#54 Ghalani_Mstaafu

Ya kijani ilikuwa chini au juu?